Jumamosi Niliyomficha Senge

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka nikiwa peke yangu hufumba macho na kuguna kwa sauti, mpaka mke wangu ananiuliza kama ni jino. Si jino. Ni aibu, na umri wake ni mkubwa kuliko wako. Nisingekusimulia, lakini nimesikia unavyomwomba baba yako asije kazini kwako na ile kofia yake ya zamani, na nimeshindwa kunyamaza. Basi keti.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wazungu wangali wameshika mashamba ya Kitale. Mimi nilikuwa karani katika ghala la mahindi huko, kijana wa miaka ishirini na mitatu. Nilivaa tai kila siku, hata siku ambazo kazi yangu ilikuwa kukagua magunia katikati ya vumbi. Ungeniona ungecheka. Nyumbani kulikuwa upande wa Lugulu, Bungoma, na kila mwisho wa mwezi nilipanda basi kwenda kuwasalimu wazazi.

Baba yangu alikuwa na dada mmoja tu, Rebeka. Shangazi kwetu huitwa senge, na jina hilo lina uzito. Katika ukoo wetu, wanawake wa upande wa msichana wakija kuona nyumba ambayo binti yao ataolewa, senge wa kijana ndiye huwapokea mlangoni na ndiye husema neno. Asipokuwepo, wageni watakula na kunywa, lakini hakuna jambo litakaloamuliwa.

Mume wa senge, Mzee Zakayo, alikuwa amefanya kazi ya upishi katika shamba moja nje ya Kitale kwa zaidi ya miaka ishirini. Mke hakuruhusiwa kukaa naye huko. Walionana Krismasi, na mwaka mwingine hata Krismasi wageni wa Mzungu walikuwa wengi na mpishi hakupewa likizo. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa na kuolewa, na wazazi hao hawakuwahi kukaa pamoja mwezi mzima. Mwisho Mzungu alirudi kwao, akamwachia mpishi wake darubini kuukuu ambayo jicho lake moja lilikuwa na ufa. Mzee akarudi nyumbani na sanduku la bati, magoti mabovu na hiyo darubini.

Senge aliniambia baadaye kwamba wiki za kwanza hawakujua wazungumze nini. Mtu ni mume wako lakini hujui anapenda chai yake iwe na sukari kiasi gani. Wakawa wanasalimiana asubuhi kama wapangaji. Siku moja walipokuwa wamekaa nje kimya, korongo wawili, wale wenye taji ya manjano kichwani, walipita juu ya paa wakielekea kinamasini. Mzee akampa mkewe darubini atazame. Akatazama, akacheka, akasema wawafuate waone wanatua wapi.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yao. Umande ukianza kukauka wanashuka bondeni, mzee na fimbo yake, senge na chupa ya chai aliyoifunga kwa kitambaa ili isipoe. Wanakaa kwenye nyasi bega kwa bega mpaka jua liwe kali. Senge alimtambua ndege kwa sauti kabla hajamwona. Mzee aliandika kwenye daftari la shule kwa penseli, na kwa kuwa ndege wengi hawakuwajua majina, waliwabatiza wenyewe. Ndege mmoja wa kijivu aliyetembea kwa madaha pembeni mwa maji walimwita Chifu. Mwingine aliyepiga kelele bila kupumzika walimwita jina la mama mmoja wa kanisani, na jina hilo sikutajii, maana wajukuu wake wapo.

Watu walicheka, mwanangu. Siku hizo mwanamume alitangulia njiani na mkewe akafuata nyuma na mzigo. Hawa walitembea sambamba, hawabebi kitu cha maana, wanakwenda kukaa nyasini mchana kweupe. Wengine walisema Rebeka amemlisha mzee dawa. Wengine walisema akili ya mzee ilibaki jikoni kwa Mzungu. Mimi sikuwatetea hata mara moja. Marafiki zangu walipoigiza mzee akishika darubini, nilicheka nao, tena nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wao ili wasidhani nimeumia.

Kisha nikampata Nekesa. Baba yake alikuwa mnyapara katika shamba moja huko Kitale, familia inayojiheshimu. Tulikubaliana, wazazi wakaambiana, na ikapangwa kwamba wanawake wa kwao waje Jumamosi kuona kwetu. Atakayewaongoza alikuwa senge yake mwenyewe, Mama Dina, mwanamke mwenye jicho kali.

Nilianza kukosa usingizi. Akilini nilimwona senge yangu mlangoni, akikatiza mazungumzo ili kusikiliza ndege fulani aliyelia mgombani. Nilimwona Mzee Zakayo na darubini kifuani mbele ya wakwe. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui nililitoa wapi. Nilikwenda kwa senge nikamwambia wageni watakuja Jumamosi inayofuata, yaani wiki moja baadaye. Alifurahi mpaka akanishika mikono yote miwili. Kisha nikarudi kwa baba nikamwambia senge ni mgonjwa, amelala, anaomba radhi. Baba alihuzunika. Alisema wageni wakishaondoka atakwenda kumwona, na akamwagiza mama amwekee kipande cha ini, kwa sababu dada yake anapenda ini.

Nilikuwa nimepiga hesabu zangu vizuri, ingawa za siku ile tu. Wageni wangeshuka kwenye basi na kupita kinamasini saa nne, na wakati huo wazee wangekuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Sikujua kwamba asubuhi hiyo mayai ya korongo yalikuwa yanaanguliwa.

Saa nne ikapita, na saa tano ikapita. Ilipokaribia saa sita tukasikia vicheko njiani, wakaingia wanawake watatu, sketi zimelowa maji ya kinamasi na nyasi zimeganda kwenye viatu. Mama Dina alikuwa anafuta machozi ya kucheka.

"Mtusamehe, tumechelewa juu ya wale wazee wenu wa ndege, bana! Tumepata mama na mzee wake wamekaa kwa nyasi, wanatuambia, ati nyamazeni, kitu inatoka kwa yai. Si tukakaa!"

"Mimi sijawahi kuona mzee anashikia bibi yake darubini namna hiyo," mwenzake akasema. "Wangu hata taa hawezi kunishikia."

Wakacheka tena. Nikajua mara moja kwamba nilikosea kila kitu. Hawakuwa wanawadharau. Walikuwa wamewapenda. Huo ulikuwa wakati wa kusema ukweli, lakini mimi nilisimama hapo nikiomba wabadilishe mazungumzo.

"Wakatupatia chai," Mama Dina akaendelea, "wakatuonyesha ndege moja nyeusi, mkia mrefu kushinda mwili, inaruka ruka kwa nyasi ikijionyesha. Wanaiita Karani. Ati mama ako na mtoto wa kaka yake huko Kitale, anavaa tai hata kwa vumbi. Anampenda huyo mtoto! Anasema Jumamosi ijayo ndio wageni wa ndoa wanakuja, ameshashona nguo."

Kila mtu alitazama tai yangu.

"Huyo mama anaitwa nani?" baba akauliza.

"Alisema Rebeka."

Baba hakupandisha sauti. "Rebeka ni dada yangu. Na huyu ameniambia ako kitandani, mgonjwa."

Mwanangu, nimewahi kuugua, nimewahi kufukuzwa kazi, nimewahi kuzika. Sijawahi kutamani kutoweka kama nilivyotamani wakati ule. Mama Dina aliweka kikombe chini polepole.

"Sasa naelewa," akaniambia. "Tukiondoka tuliwauliza njia ya kuja hapa, tukataja jina la baba yako. Mama akaangalia mzee. Halafu akatuambia, 'Pandeni hapo juu, mtaona nyumba ya mabati.' Hakusema ni kwa kaka yake. Alijua, na bado alikufunika." Akanisogelea. "Mimi ni senge wa Nekesa. Wewe unaficha senge yako juu anaangalia ndege. Siku Nekesa atazeeka, apende kitu yenye watu wanachekelea, yeye utamficha wapi?"

Walikula kidogo kwa ajili ya heshima ya mama yangu, wakaaga. Mlangoni Mama Dina akamwambia baba kwamba neno la nyumba hii watalichukua kwa Rebeka, si kwangu.

Ningeweza kwenda kwa senge jioni ile ile. Kilima kimoja tu kilitutenga. Sikwenda. Jumapili asubuhi nilipanda basi nikarudi Kitale, nikakaa wiki nzima ghalani nikiandika namba ambazo ilinibidi kuzifuta. Baba alinitumia neno kwa mtu wa basi: Jumamosi uwe hapa.

Nilifika. Saa nne kamili nikawaona wanapanda njia ya kwetu, senge na mume wake. Senge amevaa gauni jipya la samawati, amebeba kuku. Mzee amevaa koti lake la kanisani. Nilitoka nje kuwapokea.

"Senge," nikasema, "hakuna wageni leo."

"Najua. Niliwapatia chai mimi mwenyewe."

"Sasa mbona mmekuja?"

"Siku ile hukuniita," akasema. "Hii ndio uliniita."

Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo. Mzee Zakayo akanisogelea, akanigusa bega, akasema kwa upole kabisa, "Usiwe na wasiwasi, kijana. Ile darubini nimeacha nyumbani."

Nililia, mwanangu. Karani mzima na tai yake, nililia pale uani kuku wa senge akiniangalia. Nilisema yote: tarehe ya uongo, ugonjwa wa uongo, vicheko vyangu na marafiki. Senge alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nipokee kuku maana mikono imemchoka.

Wiki iliyofuata alipanda basi kwenda Kitale, safari ambayo hakuwahi kuifanya miaka yote mume wake alipokuwa huko. Alikwenda kwa ajili yangu. Nekesa aliniambia baadaye alichosema mbele ya wakwe, na hakikuwa kingi: "Ni mtoto mjinga. Lakini si mbaya. Ujinga mtamtoa mkisaidiana na sisi." Kwa maneno hayo nilipata mke.

Ungedhani yaliishia hapo. Miezi ikapita, tukaoana, na nikaanza kugundua kwamba sisikii tena habari za korongo. Niliuliza. Mama akaniambia senge haendi tena bondeni. Mzee huenda peke yake, alfajiri, kabla watu hawajaanza kupita, na anarudi kwa njia ya nyuma. Senge alikuwa amesema hawataki kumharibia mtoto jina kwa wakwe.

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Watu wawili waliotenganishwa na kazi ya Mzungu miaka ishirini walikuwa wamepata njia ya kukaa pamoja, na mimi, niliyeitwa mtoto wao, nikawatenganisha tena.

Jumapili moja baada ya ibada nilimchukua Nekesa tukaenda kwa senge. Nikasema tumekuja ili watupeleke kinamasini. Senge akasema jua limeshakuwa kali. Mzee alinitazama.

"Na watu wakikuona?" akauliza.

Hakuniuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli. Niliingia ndani, nikaitoa darubini sandukuni, nikaivaa shingoni juu ya tai yangu, na tukashuka wote wanne kwa barabara kubwa wakati kanisa zima linarudi nyumbani. Walicheka, naam. Rafiki yangu mmoja aliniigiza hapo hapo. Nilimsalimu nikapita, masikio yananiwaka moto. Senge na mzee walikuwa mbele yetu, wanatembea sambamba.

Mzee Zakayo alifariki baada ya mwaka mmoja na miezi michache. Kila nikihesabu asubuhi walizobakiwa nazo, na zile nilizowanyang'anya, nafumba macho kama nilivyokuambia.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Usiwaonee haya waliokulea kwa sababu ya kitu kinachowafurahisha na hakimuumizi mtu. Watu unaowaogopa huenda wakawapenda wazee wako kuliko unavyowapenda wewe. Ukimkosea mtu, nenda jioni ile ile, usipande basi. Na ukioa, mjue mwenzako mapema, kaa naye, tafuteni kitu cha kutazama pamoja mkiwa bado na magoti mazima, maana miaka ya uzeeni haina ahadi. Kesho mpigie baba yako simu, umwambie aje kazini kwako, na aje na kofia yake.

Mungu akupe moyo usioogopa kuonekana na watu wako. Akupe mke wa kukaa naye kimya bila kuchoka, na watoto ambao hawatakuficha. Nenda salama.