Siku Ukuta wa Kanisa Ulionyesha Mistari Mitatu

Nacheka nikiwapigia hii stori, lakini siku ile nilikaribia kuzimia mbele ya kanisa zima huko Gatina, na mpaka leo nikipita hapo naangalia chini.

Mimi hutengeneza video. Mama Atieno alinipa kazi ya filamu ya ukumbusho wa marehemu mama yake, nyanya wa mtaa wa Kambi Muru niliyemrekodi kabla hajafariki, akisimulia vile familia yao ilivyotoka kando ya ziwa (hakuna mahali pengine sauti yake imebaki). Kazi yangu huiweka kwa Git, programu ya kutunza kila toleo na kulituma mtandaoni. Sasa, video zikiwa nzito hivyo hutumwa kivyake, na siku hiyo zilikuwa zinapanda polepole, bando ya intaneti inaisha, nikachoka, nikaiambia iruke hiyo hatua. Ikaniambia imemaliza. Mimi nani nibishane na kompyuta? Nikampelekea Wafula, fundi wa kompyuta huko Mashimoni, laptop yangu, nikamwambia, "Futa kila kitu, weka Windows mpya. Kazi yangu iko mtandaoni."

Siku ya ukumbusho nikashusha kazi kwa laptop ya kanisa. Ikashuka haraka ajabu (hapo ndipo ningefaa kushtuka). Nikabonyeza video, ikakataa kucheza, nikajaribu kuifungua kwa njia nyingine huku projekta inawaka, na ukutani ikatokea mistari mitatu ya herufi na namba, basi. Nikaelewa papo hapo: nilichotuma ni kijifaili cha kuonyesha video iko wapi, na video yenyewe ilibaki kwa ile laptop niliyosema ifutwe.

Kuna mtu alicheka huko nyuma. Mama Atieno hakucheka.

"Nekesa," akaniita polepole, "mama yangu ako wapi?"

Nilisema, "Nakuja," nikatoka mbio. Nikampigia Wafula, simu imezimwa. Nikadandia boda, na njia nzima nilikuwa nashika mgongo wa dereva, naomba, naahidi Mungu vitu siwezi kutimiza.

Nilimpata Wafula anafunga skrubu za laptop.

"Wafula, umefuta?"

"Eeh, nimemaliza saa hii."

Nikakaa chini, hapo hapo kwa matope.

"Manze, ni nini? Hii ni ya mtu mwingine. Yako hata sijaigusa."

Nililia mbele ya wateja wake wote, na sioni haya kusema.

Niliporudi Gatina na laptop yangu, walikuwa bado wanaimba kunisubiri. Nyanya akaongea ukutani, akacheka kile kicheko chake cha kukohoa, na hakuna mtu aliyesonga. Video ilipoisha, Mama Atieno akanishika mkono kwa nguvu, akauliza, "Na kesho bado atakuwa hapo?"

Tangu hapo sifuti chochote mpaka nikishushe kwa mashine nyingine, nikae, nikisikize mpaka mwisho.