Dumu la Utupa

Niliondoka Bombolulu kwa sababu kunde za marehemu mama zilikuwa zinakufa. Nilipanda mbegu zake zote nyuma ya nyumba, sikubakisha hata moja, na zilipoanza kutoa maua vidukari weusi wakazivamia kuanzia shina hadi ncha. Zisipozaa, mbegu ile imekwisha, na imekwisha mikononi mwangu.

Mama alikuwa akizipulizia maji ya majani ya utupa, mmea ambao wavuvi wa zamani waliutumia kulevya samaki. Kuyatengeneza sikujua. Yeye alitwanga, mimi nilikula kunde.

Asubuhi nilivuka feri hadi Likoni kwa mdogo wake mama, Bi Mwanasiti, mwenye utupa kando ya shamba lake. Nilimwamkia, nikamwaga shida yangu kwa pupa, hata hali ya goti lake nikasahau kuuliza. Alitaka nitwange mwenyewe, yeye anielekeze. Nikakataa. Nilimwambia nikizidisha nitaziunguza, nikipunguza nitakuwa nimewaogesha vidukari tu. Akacheka, akatwanga, akaloweka, nami nikalala huko. Nilimpigia mume wangu kila mara kuuliza kama kunde zi hai, mwishowe akaacha kupokea.

Kulipokucha Bi Mwanasiti alichuja, akatia sabuni kidogo, akanijazia dumu. Akanionya nisilisuuze karibu na maji yenye samaki.

Kwenye lango la feri askari akanisimamisha, akauliza dumu lina nini. Nikamwambia ni dawa ya kunde.

"Basi onja kidogo tuone," akasema.

Kuonja siwezi, na kukataa kunanitia hatiani. Nikaona heri niseme kweli: haionjwi, inaua samaki. Hapo akamwita mwenzake. Hawakunitukana, walisema tu kwamba dumu halivuki. Nikatoka kwenye foleni nikilia mbele za watu.

Nilirudi kwa Bi Mwanasiti, akalipokea dumu, akaenda kupulizia bamia zake. Kisha akakata matawi ya utupa, akayafunga kwa ukindu, akanikabidhi.

"Majani yatavuka, mwanangu. Kutwanga utatwanga mwenyewe."

"Nikikosea je, mama?"

"Utakosea, inshallah kidogo."

Adhuhuri askari yuleyule aliugeuzageuza mzigo wangu, akaunusa, akaniruhusu.

Nyumbani nilikuta mashina kadhaa yameshalala. Nikatwanga juu ya jiwe, pua nimeifunga kwa leso. Bi Mwanasiti alipima kwa konzi lakini sikuangalia alijaza kiasi gani, kwa hiyo nilikisia. Nikaloweka hadi kesho yake, na jua lilipopoa nikapulizia. Mstari wa kwanza nilizidisha sabuni, na majani yake yakaungua. Dawa iliyobaki niliizimua kwa maji.

Siku iliyofuata niligeuza jani baada ya jani nikiogopa kutazama. Vidukari walikuwa wamekauka, wengine wakipukutika nikigusa. Kunde zilizosalimika si nyingi, ila za mbegu zinatosha.

Nikampigia Bi Mwanasiti kumwambia. Nilianza na mstari niliouunguza, maana ndio ulionichoma moyo.

"Mstari mmoja tu?" akasema. "Mamako mara ya kwanza aliunguza shamba zima la baba. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Miaka yote nilidhani mkono wake haukosei, ndiyo maana nikaona haya kumwomba anifundishe.