Kipepeo ya Lac Vert na Majivu Yangu

Mwalimu wetu wa masomo ya batu bakubwa, ya saa ya mangaribi, alinipa kazi juu ya kipepeo ya pori, ile nyeusi ya mustari ya buluu. «Mama Neema, utatuelezea maisha yake yote, kuanzia yai. Ukishindwa, unarudilia mwaka.» Kipepeo nilikuwa namujua, inapitaka ku parseli yetu, kiwanja ya nyumba, mu mutaa wa Mapendo. Batoto bake, hapana.

Siku ya posho, ile jumamosi, asubuhi nilisali, kisha nikamwangia majivu muti wangu wa ndimu, sababu midudu ilikuwa inamaliza majani. Ni vile tunafanyaka.

Nikaenda kutafuta mwenye anajua batoto ba kipepeo. Njiani, moto, ile pikipiki yenye ilinibeba, ilipita katikati ya mawe meusi ya volkano. Ukungu ulifunika barabara yote. Nilikuwa naona sawa vile tunaelea, na kaye yangu ya kuandikia ku magoti.

Saa tatu nilifika Lac Vert, ku ile ziwa ya kijani, kwa Tanta Zawadi, dada ya baba mukwe wangu, mulimaji mwenye alitoka Masisi. Alinipeleka nyuma ya nyumba, ku ndimu zake, maji ya kijani yamelala kule chini.

«Unaona nini ku jani?»

«Mavi ya ndege, Tanta.»

«Mavi yenye kutembea?» Akacheka, akaigusa. Pembe mbili ndogo zikatoka ku kichwa, na harufu kali. «Huyu njo mutoto. Akikomaa anakuwa kijani. Kisha anajifunga uzi ku kiuno, analala. Kama huyu.»

Kile alinionyesha, chenye nilikuwa nasema ni jani, kikapasuka. Kipepeo ikatoka, mabawa yamekunjamana kama kitenge yenye kutoka mu beseni. Jua likapenya ukungu. Pole pole ile buluu ikafunguka, na mimi nikasahau kupumua.

Kisha nikakumbuka. «Tanta, bale ba kwangu nilibamwangia majivu leo asubuhi!»

«Na uko unanikodolea macho? Kimbia!»

«Na chai?»

«Chai haina mabawa. Enda!»

Saa sita, Mapendo. Niliosha muti jani kwa jani, sawa padri anabatiza. Chini midudu ilikuwa imelala, mikavu. Nililia. Ku jani la mwisho, karibu na shina, kulikuwa mavi moja ya ndege. Nikaigusa na kidole.

Pembe mbili zikatoka.

Siku ya masomo nilisimama, nikaanza na majivu. Mwalimu akauliza: «Na ile kipepeo ya pori inazaliwaka wapi?»

«Kwangu, mwalimu. Niko namuchunga.»

Akafunga kaye yangu. «Mama, umepita mwaka.»