Mavyaa na Kitabu cha Ukunga

Siku ya kwanza kuingia wodi ya wazazi hapa Tanga nilikabidhiwa beseni na fagio. Nilikuwa yaya wa wodi, yaani mfagiaji, mfuaji wa mashuka na mchemshaji wa vyombo vya kuzalishia. Enzi hizo, miaka ya hamsini, mwanamke aliyejua kusoma hakuwa wa kawaida mtaani kwetu Ngamiani. Sista Mkuu, mzungu mrefu asiyecheka, alinikuta nikisoma bango ukutani.

"Unajua kusoma?"

"Najua, Sista."

Akanipa kitabu cha ukunga cha Kiswahili. "Mvua za masika zikiisha, nakutahini. Ukifaulu, utakuwa mkunga msaidizi. Ukishindwa, nafasi nampa mwingine."

Nilitoka pale nikiwa kama niliyepaa. Kufika nyumbani nikatua. Nilikuwa na watoto watatu, mdogo bado ananyonya. Mume wangu alikuwa fundi wa reli; wiki nzima yuko Korogwe au Moshi. Mavyaa wangu, yaani mama yake, Bi Mwanajuma, ndiye aliyekaa na watoto nikiwa zamu, kwa hiyo nikirudi kazi zote zilikuwa zangu: maji ya bombani, nguo, mchele wa kupepeta, nazi ya kukuna. Nilijaribu kusoma huku nakoroga chungu. Wali ukaungua. Nilijaribu huku nanyonyesha. Mtoto akachana ukurasa. Siku ile nilikaa juu ya mbuzi ya nazi nikalia.

Mavyaa akatokea mlangoni. Nikajua leo nitasemwa.

"Inuka hapo, mkaza mwanangu," akasema. "Nipe hiyo mbuzi. Wewe soma."

"Hapana, mama, umeshinda na watoto."

"Nimesema soma. Tena kwa sauti, nami nisikie. Nimezaa, nataka kujua huyo aliyeandika kama anasema kweli."

Basi ikawa ndiyo desturi yetu kila alasiri nikiwa nyumbani. Yeye anakuna, mimi nasoma, na hakuwa msikilizaji mpole. Niliposoma kwamba wembe wa kukatia kitovu uchemshwe kwanza, aliguna: "Wembe nao unapikwa?" Nikamweleza habari za pepopunda, ule ugonjwa wa kukakamaa unaoua vichanga. Akaacha kukuna. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Wangu wawili walikwenda hivyo." Akaendelea kukuna.

Masika yakiwa yamepamba moto, jirani yetu Mwanaidi alishikwa na uchungu asubuhi, akajifungua kabla hajapatikana wa kumfikisha hospitali. Kondo la nyuma likatoka, lakini damu haikukoma. Mumewe akaja mbio na baiskeli kuniita kazini. Sista Mkuu akachukua mkoba wake, tukapanda gari la wagonjwa.

Tulimkuta Mavyaa amepiga magoti kando ya kitanda. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo la Mwanaidi, anakanda mji wa mimba taratibu, na kichanga kimewekwa titini kinyonye, maana kunyonya nako hulikaza tumbo. Wanawake wa jirani walikuwa wanamsihi Mavyaa mzazi anyanyuliwe akalishwe uji.

"Hanyanyuki mtu hapa," Mavyaa alisema, "mpaka mkaza mwanangu afike!"

Sista akampima Mwanaidi, akamdunga sindano. Kutoka damu kulikuwa kumeshapungua sana. Akamgeukia Mavyaa.

"Bibi, nani amekufundisha?"

"Huyu," akanionyesha kwa kidevu. "Hunisomea, mimi nakuna nazi."

Hapo ndipo nilipomwona Sista Mkuu akicheka. Kuanzia wiki ile alinipanga zamu za asubuhi tu, ili alasiri nisome, hadi mtihani. Nilifaulu. Mavyaa aliwapikia mtaa mzima pilau, akimwambia kila mtu, "Tumefaulu."

Nikapelekwa zahanati ya Amani, kwenye baridi na misitu, na yeye akafuatana nasi. Nikarudi mjini, nikawa mkunga kamili, nikazalisha akina mama wa Mabawa na wa Ngamiani mpaka nikastaafu. Yeye alifariki kabla ya hapo, Mungu amrehemu.

Sasa wakunga vijana huja kuniamkia, na wakishasema shikamoo huniuliza: bibi, ulipata wapi muda, na watoto wale? Nawaambia sikuupata, nilipewa. Kwa hiyo ukimwona mwenzio ana kitabu mkononi na mtoto mgongoni, usisimame kumsifu. Mpokee mtoto.