Kabaila wa Mount Druitt na Kaburi la Kukodi

Habari zilinikuta kwenye foleni ya chanjo, Westmead, magharibi mwa Sydney: kabaila wetu wa Mount Druitt amefariki. Korona aliipata ghalani, alikokuwa akifunga maboksi ya watu walioamriwa wabaki majumbani. Yeye hakuamriwa kubaki. Aliamriwa awahi zamu. Siku hizo helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa yetu ya magharibi, huku wenzetu wa upande wa bahari wakiota jua mchangani. Nimekasirika, na msomaji anayetaka maneno ya upole leo ageuze ukurasa.

Jina la kabaila nilimpa mimi, naye alilipenda. Kwao Kivu, Kongo, baba yake alikuwa wa ukoo wa mwami, yaani mtemi, mgawaji wa mashamba. Ukitaka shamba la kuwarithisha wanao ulimpelekea ng'ombe, ndiyo kalinzi, na udongo ukawa wako maadamu unamheshimu, nawe ukawa mtu wake. Mimi nilikuja Sydney kusomea koo za makabaila wa Uingereza baada ya Wanormani kuiteka, elimu ambayo haijanipatia hata kibarua. Katika marafiki zangu wote, ni yeye tu aliyewahi kuniomba niisimulie. Nikamweleza jinsi mfalme mtekaji alivyotangaza kila bonde kuwa lake, akawagawia wapiganaji wake, nao wakawagawia wafuasi wao, mpaka chini kabisa akabaki mkulima yuleyule, kwenye shamba lilelile la babu yake, sasa akimlimia mgeni. Nilitarajia ahuzunike. Alicheka kwa raha. "Hao ni watu wa kwetu kabisa, Mwalimu."

Tukagombana. Nilimuuliza kwa nini basi wenye bunduki walipotwaa vilima vya baba yake, kisha wakajiandikia hati, yeye aliita huo wizi. Akasema wale hawakuwa na ukoo. Nikamwambia ukoo ni wizi uliozeeka. Alininunia kwa muda mrefu, na sijutii.

Alipokufa, mjane wake aliniomba nimtafsirie kwenye simu na bwana mmoja wa makaburini. Bwana yule, kwa sauti ya muuza magodoro, alieleza kwamba kaburi la bei nafuu ni la mkataba: muda ukiisha familia inakodi upya, la sivyo mifupa inahamishwa na nafasi anapewa mwingine. Na hii ni nchi ambayo wenyeji wake walinyang'anywa ardhi bila kupewa hata huyo ng'ombe mmoja. Mjane akasema polepole, "Umuulize: mutu akishakufa, bado banaweza kumufukuza?" Nikauliza. Bwana akajibu kwamba wao hawapendi kutumia neno kufukuza.

Hapo akajitokeza mzee mmoja wa kanisani kwao, mfagiaji wa hospitali, ambaye baba yake alimlipa kalinzi baba wa marehemu. Miaka yote walisali benchi moja, na marehemu hakuacha kumtuma amletee maji, kama mtumishi wake. Mzee akawapigia simu watoto wa walipaji wengine, walioko maghalani na kwenye nyumba za kutunzia wazee. Wakachanga, likapatikana kaburi la kudumu. Nilimfokea kwamba makabaila wanawalipisha hadi wakiwa maiti. Aliniacha nimalize.

"Papa yangu alitoa ngombe kwa papa yake, akapewa udongo," akasema. "Leo udongo, mimi njo namupatia. Sasa yeye ni mutu yangu."

Hasira yangu haikuondoka, ilihama tu. Mazishini tuliruhusiwa wachache, wengine wakatazama kwenye simu zao, kila mmoja katika nyumba ya mtu mwingine. Maana waliochanga wote ni wapangaji. Wamemnunulia maiti kile ambacho hawajaweza kuwanunulia watoto wao. Tunasema mwenye nguvu mpishe, na kwa karne nyingi tumempisha, Uingereza, Kivu na hapa. Mimi nimechoka kupisha. Mtu asingoje kufa ndipo apate mahali ambapo hakuna wa kumwambia ahame.