Baba Alirudi Kufasiri Picha

Usiniambie nilikuwa na malaria. Nilikuwa mzima, nimekunywa chai yangu na maandazi, na ilikuwa saa nane mchana, Jumamosi, hapa hapa Karatu. Waliokuwepo bado wapo, nenda kawaulize.

Ile sinema ya zamani nyuma ya soko unaifahamu? Baba yangu alifanya kazi humo tangu ujana wake. Alikuwa mfasiri. Picha zilikuwa za Kihindi na Kichina, watu hawaelewi hata neno, basi yeye alisimama na kipaza sauti pembeni ya kitambaa cha kuonyeshea picha, akaeleza kila kitu kwa Kiswahili, na akinogewa anaingiza Kiiraqw, lugha yetu ya huku. "Tulieni jamani, steringi hafi!" Watu walitoka Endamarariek kwa miguu kuja kumsikia yeye.

Sinema ilipokufa, baba alibaki humo kama mlinzi, akilala ndani. Mwenye jengo naye akafariki, na mwanawe Deo akataka libomolewe ili pawe maegesho ya magari ya watalii. Baba akagoma kutoka. Mwaka juzi, mwezi wa Julai, na baridi ya huku unaijua, tulimkuta asubuhi nje ya mlango wa sinema, amekufa. Vifundo vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimechubuka. Kitasa kilikuwa kipya. Deo akasema mzee alilewa, na kwamba yeye usiku ule alikuwa Arusha. Baba yangu, mlokole yule, alewe nini? Lakini sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na hasira tu, nikakaa nayo kibandani kwangu nikiuza mitumba.

Basi wazee wa mji wakaomba picha moja ya mwisho kabla jengo halijaanguka. Deo akakubali, tena akaja kukaa mstari wa mbele kama mgeni rasmi. Akaniambia, "Dada, pole sana na mzee. Ila furahini leo, Jumatatu tingatinga linaingia." Nikamwitikia, asante. Ulitaka nifanyeje?

Tuliziba madirisha kwa magunia. Picha ilikuwa ya Kihindi, ya arusi. Katikati sauti ikakatika, watu wakaanza kupiga miluzi. Ndipo baba akaanza kuongea.

Niamini. Kipaza sauti hakikuwepo, hata waya zake zilishaibwa. Sauti ilitoka pale pale alipokuwa akisimama, na kile kikohozi chake cha kusafisha koo. "Tulieni jamani." Wazee wakapiga makofi, wakidhani ni kanda ya zamani. Mimi nywele zilinisimama.

Kwenye kitambaa bibi arusi alikuwa akicheza, lakini baba hakueleza arusi. "Mwangalieni kijana huyu. Amesema yuko Arusha. Yuko humu ndani, amejifunika blanketi langu. Mzee anagonga. Mnasikia? Kijana anaongeza sauti ya redio." Na tukasikia, ukumbi mzima, ngo, ngo, ngo. "Mzee anamwita. Deo, mwanangu, nifungulie, baridi itaniua."

Deo akaruka, akakimbilia mlango. Haukufunguka, na nilikuwa nimeurudishia tu kwa mkono wangu mwenyewe. Akagonga mpaka vifundo vikachanika. "Mzee, nisamehe! Nifungulie!" Hakuna aliyenyanyuka. Mimi je? Nilikaa. Nilifurahi, nisikudanganye, nilifurahi mpaka nikaona haya.

Picha ilipoisha, mlango ukafunguka wenyewe. Deo alikuwa sakafuni, bubu.

Tingatinga halikuja. Deo hakurudi kwake, sasa analala mle sinema. Haongei na mkewe wala wanawe. Ila kila Jumamosi picha ikianza, anasimama pembeni ya kitambaa na kufasiri kwa sauti ya baba yangu, na Kiiraqw ndani yake, yeye asiyejua hata salamu ya Kiiraqw. Watu wanajaa, hata watalii wanaletwa. Picha ikifika mahali mtu anafunga mlango, sauti ya baba inanyamaza kidogo, inatoka ya Deo mwenyewe, nyembamba: "Nifungulieni." Kisha baba anaendelea.

Mchungaji ameniomba nimsamehe, huenda baba akamwachia. Nimemwambia nitafikiria. Bado nafikiria.

Wewe ukipita Karatu, karibu sinema. Lakini kama kuna mtu uliyemwacha nje akigonga, usiingie. Pitiliza hadi Ngorongoro, kaangalie tembo. Ukikaa mle, baba atakufasiri na wewe.