Baba Mkwe na Ukungu wa Ngorongoro

Nafundisha jiografia katika sekondari moja hapa Bagara, mjini Babati, na ukutani mwa darasa langu kuna ramani ya Tanzania niliyoichora kwa mkono wangu. Kilimanjaro imo na theluji yake. Serengeti imo na nyumbu wake. Maporomoko ya Kalambo, kimondo cha Mbozi, mapango ya Amboni, michoro ya miambani ya Kondoa, vyote vimo, na mwanafunzi wangu hata umwamshe usingizini atakutajia. Ila usiniulize mimi mwenyewe nimeviona vingapi, tutakosana. Mpaka mwaka juzi nilikuwa nimeona Ziwa Babati na viboko wake, na Mlima Hanang, tena huo ni kwa sababu nimeolewa chini yake.

Nimeolewa na Mbarbaig. Mimi kwetu ni Mbulu, Muiraqw wa kanisani. Nilipofika ukweni, kitu cha kwanza mama mkwe alichonifundisha hakikuwa kukamua. Alinifundisha jina la baba mkwe. Alinikalisha akalitamka polepole, akanirudishia mpaka nikalipata sawasawa, kisha akaniambia: hilo ndilo usilitaje mpaka unakufa. Kwao mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba wa mumewe, na hata maneno yanayofanana nalo anayakwepa. Ukilitaja, akina mama wa ukoo wanaweza kukukalia kikao. Mimi na mdomo wangu huu, niliyewahi kubishana na mkuu wa shule mbele ya wazazi, hilo moja nililishika. Hata hapa siliandiki, na nikishaliacha la kwake, basi na ya wengine yote nayaacha.

Mwaka juzi baba mkwe alikuja kukaa kwetu mjini kwa ajili ya macho. Daktari alisema ni presha ya macho. Nuru iliyokwisha hairudi, dawa ni za kulinda iliyobaki, na iliyobaki ilikuwa kidogo: aliona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Inaweza kuwa miezi, daktari akasema. Jioni baba mkwe, amekaa barazani na fimbo yake, akatuambia mimi na mume wangu, "Kabla hayajafunga, nataka kuiona Ngorongoro."

Wengi tunaijua Ngorongoro kwa simba na faru. Wabarbaig wanaijua kama nyumbani. Zamani sana, kabla Wamasai hawajawasukuma, babu zao waliishi humo ndani ya kreta na ng'ombe wao, na makaburi ya wazee wao yamo mpaka leo. Baba mkwe alisimuliwa na baba yake, naye alisimuliwa na wa kwake. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Mzee wa zaidi ya miaka sabini, ombi moja.

Mume wangu anaendesha malori ya Tunduma, nyumbani anapita kama mgeni. Walimu wa shule yetu walipopanga safari ya likizo ya Juni, siku moja, Ngorongoro kwa basi dogo la Costa, akanipigia simu. "Nenda naye wewe. Mimi nikipata nafasi macho yatakuwa yamekwisha." Nikaomba viti viwili.

Nilikuwa na woga, sifichi. Mkwe humshiki mkono, na sasa nampeleka mtu asiyeona pembeni mahali penye makorongo. Garini nilimweka kiti cha mbele, mimi nikakaa nyuma yake na rafiki yangu, mwalimu wa Kiswahili, mama mtu mzima kutoka familia ya wenye maduka pale mjini. Alipoona navunja vidole kwa wasiwasi akanipapasa goti. "Heri kufa macho kuliko kufa moyo," akasema.

"Kafe macho wewe kwanza ndiyo uje uniambie," nikamjibu. Akacheka. Ananijua.

Getini nikataka kugombana tena. Kijana wa mapokezi alikuwa anaandika majina ya wageni. "Jina la mzee?" Nikampa kitambulisho. "Dada, nimekuuliza jina."

"Si limeandikwa hapo? Soma."

"Huyu si mkweo? Hujui jina lake?"

"Nalijua kuliko unavyolijua la bibi yako. Soma!"

Rafiki yangu akachukua kitambulisho akalisoma yeye, kishuleshule, herufi kwa herufi, likatoka jina la mtu mwingine kabisa. Baba mkwe alikohoa. Nadhani alikuwa anazuia kicheko.

Costa haishuki ndani ya kreta, huko ni kwa magari ya kazi ngumu. Sisi tulikuwa wa kutazama kutoka ukingoni, mahali wageni wote wanaposimama. Tulifika asubuhi, nikashuka, na sikuona kitu. Sisemi sikuona vizuri. Palikuwa na ukuta mfupi wa mawe, na baada ya ukuta weupe mtupu. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Askari wa hifadhi mwenye bunduki akatuonya tusivuke ukuta, kwa sababu nyati wanalala kwenye vichaka vya pale chini.

Baba mkwe akasogea mpaka ukutani, akaegemea fimbo. "Ni hapa?"

"Ni hapa, baba. Mbele yako, chini."

"Tungoje," akasema.

Tukangoja. Kiongozi wa safari alikuwa mwalimu wa michezo, kijana mwenye filimbi shingoni hata siku ya likizo. Dakika ishirini zilipokwisha akaipuliza. "Walimu, tupande gari! Tunakwenda Olduvai, jioni tutapita hapa hapa."

Nikamuuliza dereva jioni ukungu utakuwaje. Akasema Juni hii hakuna wa kumwamini, jana haukutoka kutwa nzima.

"Basi hatuondoki," nikasema.

"Mwalimu, tuko watu ishirini na sita. Hatuwezi kukaa hapa kwa ajili ya mtu mmoja."

Loo! Hapo mdomo ukaniponza. Nilimwambia yeye ana macho ya kutazamia Olduvai mpaka azeeke, filimbi yake akawapulizie mbuzi wa kijijini Sigino, na mengine ambayo siyaandiki. Walimu wakagawanyika, hawa wanasema tumsubiri mzee, hawa wanasema nimezidi. Rafiki yangu ananivuta kitenge, mimi namsukuma. Mwishowe wakanipa nusu saa. Nikageuka kumwambia baba mkwe kwamba tumepata nusu saa, na pale ukutani hakukuwa na mtu.

Nilikimbilia vyooni. Hayupo. Kwenye gari, hayupo. Nikarudi ukutani mbio. "Baba!" nikaita. "Baba!"

"Naam!" wakaitika wanaume watatu kwa pamoja kutoka ndani ya ukungu, wa misafara mingine, na mmoja akaja kabisa, mzee wa watu, akauliza kuna nini mwanangu. Nchi hii kila mwanaume mzima ni baba. Mtoto tulikuwa hatujapata bado, kwa hiyo hata jina la mjukuu la kumwitia sikuwa nalo. Nikajaribu Baba Fulani, kwa jina la mume wangu la ubatizo, ambalo mzee hajawahi kulikubali. Kimya.

"Ngoja mimi nimwite, mimi si mkwe," rafiki yangu akasema. Akaita lile jina lake la getini. Walimu wote wakalidaka, na mwalimu wa michezo akaongeza filimbi. Watu ishirini na zaidi wanaita mtu asiyekuwepo duniani, na mwenye jina hawezi hata kujua kwamba ni yeye.

Kisha chini, upande wa kushoto, tukasikia matawi yanavunjika, na pumzi nzito ya mnyama. Askari akainua mkono watu wanyamaze. Akashusha bunduki begani.

Nilijua la kufanya tangu mwanzo. Nilikuwa naogopa tu. Niliona kikao cha akina mama, nikamwona mama mkwe ameinamisha uso kwa aibu yangu, halafu nikamwona mume wangu naye ananiuliza baba yuko wapi. Nikapanda juu ya ukuta, nikafumba macho, nikaliita lile jina kwa nguvu zangu zote, sawasawa kama nilivyofundishwa.

"Nipo," akajibu. Hakuwa mbali hata.

"Baba, simama hapo hapo! Usinyanyue mguu!"

Askari akavuka ukuta, mimi nyuma yake ingawa alinikataza. Tulimkuta hatua kama thelathini chini, amekumbatia kichaka kwa mikono miwili, fimbo haipo. Mbele ya miguu yake ardhi ilikuwa imekwisha. Nyati sikumwona, nilisikia tu anakwenda zake. Askari akamshika mzee kiunoni akampandisha.

Tulipomkalisha ukutani nikapiga magoti. "Nisamehe, baba. Nimelitaja."

"Umelitaja vizuri," akasema. "Tangu mama yangu afe sijasikia mwanamke akiniita hivyo. Nilidhani ni yeye." Akavuta pumzi. "Ya hapa yabaki hapa."

Ndipo hasira zikanirudi. "Ulikuwa unakwenda wapi lakini, baba?"

"Kusogea. Nilifikiri nikisogea nitaona."

Hakuna aliyetaja tena Olduvai. Mwalimu wa michezo mwenyewe alileta chai ya chupa na blanketi. Tukakaa, na haikupita muda ukungu ukaanza kuchanika upande wa jua, kipande kwa kipande, na kreta ikafunguka yote mpaka ukuta wa ng'ambo. Walimu walipiga kelele kama darasa la kwanza. Mimi nilisimama. Nimechora ile duara ubaoni sijui mara ngapi, na sikuwahi kujua kwamba inatisha. Ukubwa wake ulinifanya nishike mawe. Machozi yalinitoka, na kwa muda huo, Mungu anisamehe, nilimsahau mzee.

"Ukungu wa leo mkaidi," akasema. "Bado tu."

Nikamtazama. Uso wake ulielekea palepale ulipoelekea asubuhi.

"Bado, baba," nikasema.

Nyuma yetu mtu akapaza sauti, "Jamani, tazameni lile ziwa!"

Baba mkwe akageuzia kichwa ile sauti. "Mwalimu."

"Abee, baba."

"Umetoka?"

Ningefanyaje? "Umetoka."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mlima wenu pale Babati niliacha kuuona tangu Pasaka," akasema. "Nikisema, mngesema safari ya nini. Nilifikiri hapa pakubwa, labda patatosha kuonekana." Kisha akakaza sauti. "Haya. Nieleze."

Nikaanza kama darasani, kwamba kreta hii ilitokana na volkano iliyodidimia. Akanikata. "Nani amekuuliza kitabu? Unaona nini?"

Nikamwambia. Ukuta unazunguka pande zote, hauna mlango. Chini ni tambarare, majani yameanza kuwa ya kahawia. Ziwa liko upande huu, kingo zake nyeupe kwa magadi. Kuna msitu mdogo, miti mirefu. Kivuli cha wingu kinatembea. Kila nilichotaja alikiitikia, "Ndiyo. Ndiyo. Ndivyo alivyosema." Nikimaliza kimoja natafuta kingine haraka, naogopa kunyamaza.

"Na ng'ombe?" akauliza.

Nikatafuta. Namwapia yeyote, nilitafuta kwelikweli. Niliona nukta nyeusi za nyumbu, niliona magari ya watalii. "Hakuna ng'ombe, baba."

"Tazama vizuri."

"Hakuna hata mmoja."

Akasugua magoti. "Basi si penyewe," akasema, akasimama. Mwalimu wa michezo akamshika mkono kumpeleka garini. Mguu mmoja ukiwa ngazini akasita, akaniita. "Mume wako akipiga simu, mwambie ukungu haukutoka."

Simu ililia tukiwa tunashuka kuelekea Karatu. Mume wangu alikuwa Makambako, nasikia injini yake inaunguruma. Hakunisalimia hata. "Vipi, ameona?"

Mbele yangu baba mkwe alikuwa ameelekeza uso dirishani, kama abiria wengine wote. Rafiki yangu akanitazama, kisha akatazama viatu vyake.

"Ukungu," nikasema. "Haukutoka."

"Ah, poleni jamani!" akasema. "Lakini usijali. Desemba nachukua likizo, nakodi gari la kushuka mpaka chini kabisa, nampeleka mwenyewe. Macho si yapo bado? Mwambie. Mwambie sasa hivi, asisononeke."

Nikainamia kiti cha mbele. "Baba, anasema Desemba atakupeleka mwenyewe. Mpaka chini."

"Mwambie ahsante," akasema baba mkwe. "Mwambie nitafurahi kuona."

Nikamwambia.